Papa aliona sumu ya jirani kwenye picha ya CT scan

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu. Haya sikusimuliwa, nilikuwepo.

Papa alisimama mbele ya picha ya tumbo lake, akaweka kidole kwenye mistari myeupe iliyotanda ndani ya ini kama mizizi, akasema:

"Docteur, njo ile yenyewe! Sumu ya Maman Noella!"

Nirudi nyuma kidogo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaïre. Maman alikuwa ameshafariki, tukabaki wawili tu nyumbani, Ibanda, humu humu Bukavu. Jirani yetu Maman Noella, mjane, alikuwa anauza kasiksi, ile pombe ya ndizi.

Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, kuonyesha hakina sumu. Maman Noella hakuwahi kusahau.

Tumbo la Papa lilipoanza kuvimba, watu wakasema ni karuho, sumu inayoua polepole. Papa akaamini. Jioni moja jirani akamletea kikombe, akaonja. Papa akageuza uso.

"Papa Deo, nimeisha onja! Unapenda nikunywe kibuyu yote, nilewe, nikuimbie?"

Papa hakucheka.

Tangu hapo alikula nilichopika mimi tu, akiwa ameupa mlango mgongo. Wateja wa Maman Noella nao wakasikia, benchi lake likabaki tupu. Jioni redio mbili, ya Papa na ya Maman Noella, zilipiga wimbo mmoja, kila mtu peke yake upande wake wa ua.

Madaktari wa Bukavu walihofia kuna uvimbe tumboni, na CT scan hatukuwa nayo. Tonton, mdogo wake Papa aliyefanya kazi Nairobi, akatuita kwake.

Picha ikapigwa huko Nairobi. Uvimbe haukuonekana. Ilionekana hiyo mistari tu.

"Mzee, hiyo nyeupe ni dawa yetu," daktari akasema. "Tumekudunga mkononi ili mishipa ionekane. Ilipaswa ipite kwenye moyo iende mapafuni. Kiasi kimerudi chini, kikaingia mishipa ya ini."

"Basi moyo yangu imekufa?"

"Siwezi kusema hivyo kwa picha peke yake. Mashine ikisukuma dawa kwa kasi, hata moyo mzima unaweza kuirudisha. Acha nikupime wewe mwenyewe."

Akamlaza, akabonyeza juu ya ini. Mshipa wa shingo ukapanda, ukabaki umesimama. Miguu ilikuwa imevimba. Echo, kipimo cha kuutazama moyo ukipiga, kikamaliza ubishi: upande wa kulia wa moyo ulikuwa umechoka, damu inakwama, na tumbo limejaa maji.

Njia nzima ya kurudi Papa aliipakata ile picha mapajani.

Dawa zilipopunguza maji, siku moja baada ya misa alivaa koti, akabana ile picha kwapani. "Naenda kumuonesha."

Mlangoni kwa Maman Noella palikuwa na kufuli. Wengine walisema amekwenda kwa kaka yake huko Luhwindja, wengine wakasema Shabunda. Papa akarudi, akainua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Sasa nani atamwambia?"

Moyo ulimchukua kabla hatujapata jibu.

Nilichojifunza: kitu kimoja kwenye picha hakitoshi kuhukumu moyo, wala jirani. Uliza kwanza nini kingine kinaweza kukifikisha pale. Waliopitia mambo kama haya, semeni nanyi mliambiwa nini.

Picha ninayo bado. Kama humu kuna mtu wa Luhwindja au Shabunda anayemjua mama aliyeuza kasiksi Ibanda, tafadhali aandike. Mpaka leo sijui kama alipata habari kwamba Papa alikwenda kumbishia hodi.