Daftari Langu na Tunda la Yago

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hadi leo nikiifikiria shingo hupata moto. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nilikuwa kijana wa digrii asiye na kazi, naishi Kisumu nyuma ya duka la baba yangu, aliyehamia kutoka Nyeri kuuza vitambaa. Nilisubiri barua za kazi huku nikiwaza kila jambo mara saba. Kilichonituliza ni daftari la mambo madogo madogo: kwamba kiboko hutoka jasho jekundu, kwamba shingo ya twiga ina mifupa saba tu kama yetu.

Mchana nilikwenda soko la Kibuye, kwenye benchi la Mama Ouma, mkaanga samaki aliyetoka Port Victoria. Pale tulikuwa na desturi: ukikaa, unatoa jambo moja ambalo wengine hawalijui. Raha yake siwezi kuieleza. Watu waliacha samaki wapoe wakibishania shingo ya twiga.

"Digrii, leo umetuletea nini?" aliuliza Mzee Okelo, fundi baiskeli.

Nililolileta nilikuwa nimelipata kwa dereva mmoja wa Awasi. "Mnajua huku kuna watu huzika tunda? Mtu akizama ziwani asipatikane, wanachukua yago, lile tunda refu, zito, wanalilaza kaburini, wanalilia kama mtu!" Nikabeba chupa ya chai mikononi, nikatembea kama mchukua jeneza. Hakuna aliyecheka. Nikadhani hawajaelewa, nikaongeza, "Sasa mtu huyo akirudi mzima, atakuta wamezika nani?"

"Yawa, jamani," Mzee Okelo akasema polepole, "nyamaza."

Mama Ouma aliepua karai. "Mimi nililizika, Digrii. Na hilo swali lako ndilo linaninyima usingizi."

Ouma! Miezi minane nilikuwa nikilitaja jina la mtoto wake kila mchana, mimi mkusanyaji wa kila kitu, na sikuwahi kuuliza Ouma yuko wapi.

Siku nne sikutoka nje. Nilitunga namna kumi na moja za kuomba radhi, nikazikataa zote. Baba akachoka kuniangalia. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Sasa umewajua. Nenda."

Nikaenda, nikafungua daftari mbele ya Mama Ouma ili nichane ukurasa wa lile tunda. Akanishika mkono, vidole vikinuka samaki.

"Usichane. Umeandika tunda, mtoto umemwacha nje. Andika: Ouma aliogelea kama kamongo, samaki wa matopeni, lakini aliogopa kuku."

"Kuku!" Mzee Okelo akaruka. "Si jogoo wangu alimpandisha juu ya paa?"

Kila mtu benchini akatoa lake kuhusu Ouma. Na Mama Ouma, sikuamini macho yangu, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Kwa hiyo kusanya, mwanangu. Usione haya kupenda mambo madogo, wala usiyale peke yako. Lakini jambo likiwa la watu, kabla ya kulitoa tazama uliokaa nao, na uliza jina ni la nani. Ulimi hauna mfupa, ila huvunja.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, na benchi la watu watakaokujazia daftari hata baada ya kuwakosea.