Mpaka wa Mwisho Ainue Kichwa

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "si tunajitolea tu," nachemka.

Tulikuwa wawili tuliojitolea kuongoza wapanda farasi kila Jumapili baada ya misa, upande wa Kakese, nje kidogo ya Mpanda mjini. Farasi walikuwa wa mzee mmoja mstaafu. Alipowaleta, watu walimwambia ndorobo, wale mbung'o wa msituni, watawamaliza. Hawakuwamaliza, kwa sababu hakuruhusu wakanyage msituni hata siku moja. Tulipita kwenye kingo za majaruba ya mpunga, kila mtu na helmeti yake ya bodaboda kichwani, tukavuka kijito, tukarudi.

Mwenzangu alitangulia mbele, mimi nikafunga nyuma. Ni mtu mzima, amekulia kwenye ng'ombe. Familia yao ilihamia huku kutoka Usukumani na mifugo yao. Hakuna mnyama anayemtisha, na mwanzoni nilimpendea hilo.

Kijitoni tulikuwa na sheria moja: hakuna anayeondoka mpaka farasi wa mwisho ainue kichwa. Nilimweleza sababu, tena kwa raha, maana napenda kueleza. Ng'ombe wakiwa wengi majini husukumana, kwa hiyo mchungaji mzuri huwatoa waliokwisha kunywa ili wawapishe wenzao. Farasi ni tofauti. Akiona wenzake wanaondoka, anaacha maji na kuwakimbilia, na aliye mgongoni atajijua mwenyewe.

"Nimekuelewa, dada," alinijibu. "Ila mnyama ni mnyama."

Nilimweleza tena wiki iliyofuata. Na iliyofuata.

Jumapili hiyo tulikuwa na mama mmoja wa Mishamo, fundi cherehani anayeshona sare za shule hapa sokoni. Alikuwa anakuja kutuangalia tu, anacheka, anarudi nyumbani. Mimi ndiye niliyemwambia, "Utaweza, mama. Tutakwenda kwa mwendo wako." Nilimpandisha yule jike wa kahawia, mpole, anayekunywa taratibu kama mtu anayepuliza chai.

Alikuwa bado anakunywa nilipomsikia mwenzangu mbele akipiga mluzi.

"Twendeni, twendeni! Tuwapishe wenzetu!"

Kumpisha nani? Nyuma tulibaki mimi na yule mama tu. Nilipiga kelele wasimame, lakini walikuwa wameshaanza kupanda ukingo wa pili. Jike aliinua kichwa maji yakimchuruzika mdomoni, akaruka. Mama akaangukia mawe, mkono wa kulia chini yake.

Nilimfunga mkono kwa kanga yangu. Mwenzangu alirudi akitabasamu.

"Pole mayu, pole mama! Ndiyo kujifunza huko. Mimi punda wameniangusha mpaka wakachoka wenyewe."

Wawili watatu wakacheka. Mama hakucheka.

"Nilikwambia nini kuhusu maji?" nikamuuliza.

"Dada, usinifokee mbele za watu. Kwani nalipwa? Si tunajitolea tu."

Tu! Aliyeajiriwa anaweza kusema bosi ndiye aliyemtuma. Mimi na yeye tulitumwa na nani? Tulisimama wenyewe tukasema, tupeni watu wenu, tutawarudisha. Aliyejitolea hana hata wa kumsingizia.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta ameketi mbele ya cherehani, plasta ngumu hadi kwenye kiwiko, anajaribu kunyoosha kitambaa kwa mkono wa kushoto. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

"Nikipona nitapanda tena," alisema. "Ila yule asinitangulie."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa mzee mwenye farasi. Nikamwambia Jumapili mimi ndiye nitakayetangulia, na mwenzangu apande jike wa kahawia, nyuma kabisa. Mzee akikataa, atafute mwingine badala yangu. Akakubali.

Basi tukafika kijitoni. Farasi wa mbele wakanywa, wakasogea ukingoni. Jike akabaki katikati ya maji, anapuliza chai yake.

"Nyie, mbona mmesimama?" mwenzangu akaita.

Ilikuwa inatosha nimguse farasi wangu ubavuni kwa kisigino. Nasema ukweli, nilitamani. Kijana mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Dada, tumwache aone?"

"Subirini."

Jike alikunywa. Akapumzika, akanywa tena. Sauti ya mwenzangu ikabadilika. "Dada. Msiondoke kwanza."

Farasi akainua kichwa, akatikisa masikio.

"Haya," nikasema, "twende."

Nilipogeuka kumtazama alikuwa ameng'ang'ania manyoya ya shingo ya farasi kwa mikono yote miwili. Mizima.