Waridi Kwenye Swichi ya Mama

Tulipomaliza kujenga Tunduma, mume wangu, dereva wa malori ya Zambia, aliniachia kazi moja: kuchagua swichi za taa. "Wewe ndiye unayejua urembo," alisema, akapanda gari akaenda zake. Nikadhani ni kazi ya kupita dukani na kurudi. Thubutu!

Ukuta mzima wa duka ulikuwa swichi: zenye ukingo wa dhahabu, zenye rangi ya mbao, za kioo, za maua. "Bamayo, chukua za dhahabu," alisema muuza duka, aliyezoea kuwaita hivyo akina mama wateja wa ng'ambo ya mpaka. Nikachukua, nikarudisha. Nikachukua za mbao, nikarudisha. Mwee! Kitu cha kubonyeza tu, kichwa kinaniuma kama nachagua mchumba! Za sebuleni ningechukua zozote. Iliyonitesa ni moja, ya chumba cha mama.

Mama alikuwa anahamia kwetu kutoka kwake Hasamba. Macho yake yalikuwa yamefifia, na tangu baba afariki alipika peke yake kwenye kuni, akawa anaungua mikono. Nilikuwa naogopa siku nitakayoitwa kumzika. Lakini kwetu mama na mume wa binti yake hawatazamani, hawasemeshani, wala mama hagusi kitu kilichopita mikononi mwa mkwe. Alikubali kuja tulipomjengea chumba chenye mlango wake wa nje. Nilijua akikwazika kidogo tu, atarudi kwenye moto wake.

Nikamchagulia yenye waridi lililotuna, alipapase kwa vidole.

Mume wangu aliporudi safari alifurahi mno. Hakusubiri fundi. Akachukua bisibisi, akaifunga mwenyewe, akaifuta kwa shati lake.

Mama akaja. Jioni nikamkuta ameketi kitandani gizani.

"Mama, washa taa."

"Niko sawa, mwanangu."

Kesho yake vilevile. Nikafikiri vidole haviioni, nikaenda kununua ya mbao, yenye kitufe kikubwa. Mume wangu akaifunga mama akiwa uani. Giza. Nikanunua ya dhahabu, labda itamng'aria. Akaifunga. Giza! Muuza duka akaanza kuniangalia kwa huruma. Mimi mwenyewe sikuelewa tena: ni umeme anaouogopa, ni rangi, au ni mimi amenichoka?

Asubuhi moja nikakuta furushi lake limefungwa, liko mlangoni. Nikapandwa na hasira, na machozi juu.

"Mama, taa imekukosea nini? Sema basi, nimechanganyikiwa!"

Akalivuta furushi lake karibu. Kisha akasema, taratibu, "Siku niliyofika nilimsikia mumeo ukumbini anakuuliza kama nimelipenda ua alilonifungia. Na hizi nyingine najua ni yeye yuleyule. Sasa mimi niweke kidole pale alipoweka chake? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

Jamani! Nikaketi chini kabisa, sakafuni. Mwiko naujua, ila swichi ya ukutani sikuihesabu.

Nikamwomba asiondoke siku hiyo. Nikamshika mkono mpaka dukani. Akapapasa swichi zote, moja baada ya nyingine, mwisho akasimama kwenye waridi.

"Hii."

"Mama, si ndiyo ileile ya kwanza?"

"Ileile. Lakini mpya. Niliipenda tangu siku ile."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumfinya. Tukaita fundi, na mume wangu akaketi barazani kama mgeni mpaka kazi ikaisha.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, mwanga ulitokea chini ya mlango wa mama wa upande wa ukumbini. Mume wangu alipopita ukumbini akakohoa, kama alivyozoea, ili mkwe wake ajue anapita. Tukasikia kach. Mwanga ukazima. Kach. Ukawaka.

Akanigeukia, akanong'ona, "Amenisalimia, au anajaribu swichi?"

"Mimi nitajuaje!"

Akasimama kidogo akiwaza. Kisha akarudi hatua chache, akakohoa tena, polepole, kwa adabu. Mwanga ukazima, ukawaka.

Mume wangu akavua kofia mbele ya mlango uliofungwa.

Nilipoingia kumpelekea mama chakula, furushi lilikuwa limefunguliwa, na nguo zake zimetundikwa kwenye msumari.