Uso wa Arvella Stamper

Arvella Stamper aliolewa na mwanamume mmoja pamoja na timu yake. Mwanamume aliitwa Delbert, mfanyakazi wa kinu cha chuma. Timu ilikuwa Wekundu wa Cincinnati, wacheza besiboli. Kila kiangazi, jua lilipoanza kuegemea vilima vya ng'ambo ya mto Ohio, timu ilimchukua mwanamume ikamkalisha mbele ya televisheni, akiwa ameligeuzia jiko mgongo. Arvella aliujua mgongo ule kuliko njia ya kanisani. Alizaa, akalea, akawapikia watoto wa shule ya Corley mpaka akastaafu, na mgongo ulikuwa palepale: ukiinama timu ikizidiwa, ukinyooka ikishinda.

Hakuwa na kinyongo. Wako wanawake pale mjini walioibiwa waume na chupa. Wa kwake alikuwa sebuleni, anaonekana.

Kinu kilimpa Delbert pensheni na kikabaki na masikio yake. Alipofika uzeeni hakusikia hata radi, mpaka aione ikimulika. Lakini televisheni haikumbagua. Mpira huonekana kwa macho, na maneno ya mtangazaji yalipita chini ya kioo kwa maandishi, naye akayasoma huku akibishana nayo.

Kisha msimu mmoja ukafunguliwa, Delbert akabonyeza namba ya chaneli yake, akakuta kioo cha buluu na maneno machache ya kuaga. Akabonyeza tena. Akabadilisha betri za rimoti. Akatoka nje kutazama waya kana kwamba ndege amekaa juu yake.

Hobart Pruitt, jirani yao muuza chambo cha samaki, ndiye aliyekuja kueleza.

"Chaneli imekufa, shemeji," alimwambia Arvella. "Mechi zimehamia kwenye intaneti. Na intaneti ya huku kwetu unaijua, kobe mwenye baridi yabisi. Sisi tumerudi kwenye redio."

"Na huyu mwenye masikio ya mawe?"

"Huyo akavue samaki."

Delbert alikuwa akiisoma midomo yao. "Nimekuona, Hobart," alisema. "Chambo chako hata samaki wanakitemea mate."

Mwanzoni Arvella alifurahi kidogo, kwa siri. Alidhani sasa atapata mwenzi wa kukaa naye barazani jioni. Delbert alikaa kweli. Alikaa kama koti lililosahauliwa kwenye msumari, akitazama barabara isiyopita mtu. Mbele au nyuma, Arvella akaona, hakumpata.

Jioni moja alikuwa akikata ncha za maharage mabichi, redio ndogo ikiwa dirishani, maana kimya cha mzee kilikuwa kimemchosha. Ghafla mtangazaji akapiga ukelele: mpira umeruka, umevuka ukuta! Bila kufikiri, Arvella akainua kidole akakizungusha hewani, kama alivyomwona mwamuzi akifanya kila alipopita mbele ya televisheni na kikapu cha nguo.

Delbert akageuka. "Nani kapiga?"

Arvella akaonyesha vidole vinne, kisha vinne tena. Namba ya jezi.

"Yule mvivu? Haiwezekani!" Na meno yake yakaonekana, ambayo hayakuwa yameonekana tangu kioo kiwe buluu.

Ndivyo walivyoanza. Ujanani Delbert alikuwa mdakaji wa timu ya kinu, na mdakaji husema na mrushaji kwa vidole, amevificha katikati ya mapaja wapinzani wasivione. Kidole kimoja, mpira wa moja kwa moja. Viwili, wa kupinda. Vinne, wa polepole, wa kulaghai. Akamfundisha mkewe lugha hiyo, akiwa amechuchumaa barazani na magoti yakilia kama bawaba, na Arvella akaishika upesi. Yale asiyofundishwa aliyabuni. Siku mkimbiaji wa Wekundu alipoiba kituo cha pili, yaani alipokikimbilia kabla mpira haujapigwa, Arvella alinyata hadi kwenye kiti cha mumewe, akamchomoa kitambaa mfukoni, akakimbia nacho. Delbert alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwizi wewe! Wamemkamata?"

Arvella akatandaza mikono yote miwili chini: amepona.

Kadiri kiangazi kilivyosonga, vidole vyake vikaanza uvivu, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa umemkamata. Alisahau kuvionyesha. Akakunja uso, akauma mdomo, akamtukana mrushaji kwa maneno ambayo jiko la shule halikuwahi kuyasikia. Delbert naye akaacha kuviulizia.

"Uso wako unatosha," alisema. "Sikiliza tu. Mimi natazama."

Na alitazama. Tangu siku za uchumba hakuwa amemtazama hivyo, jioni nzima, asibanduke. Arvella akaanza kuvaa hereni kwa mechi za Jumanne.

Mwezi Agosti binti yao Renita akaja kutoka Columbus, amebeba kisanduku kidogo cheusi na furaha kubwa. Waya mpya wa intaneti ulikuwa umefika barabarani kwao. Kila kitu ameshalipia.

"Baba, utawaona Wekundu wako leo leo!"

Delbert akamkumbatia binti yake, macho yamemlowa. Arvella akasema ni jambo jema, akaingia jikoni kupasha mchuzi wa nyama wa kumwagia tambi. Alikuna jibini nyingi kuliko walaji. Bibi kizee haogopi mengi, lakini mgongo ule, sasa, aliuogopa. Alitaka mzee aone timu yake. Alitaka pia kuonwa. Hakujua mtu huomba vipi vitu hivyo viwili kwa pamoja.

Walipokwisha kula mechi ikaanza, kioo kikawaka kijani, kiti kikarudi mahali pake. Mgongo. Arvella akafungua redio jikoni, kwa sauti ndogo, akaanza kuosha vyombo.

"Ameupiga!" akapiga kelele, mikono imejaa povu.

Renita akatazama televisheni. "Nani, mama? Mbona mrushaji bado anatafuna bazoka?"

Wakangoja. Mrushaji akatafuna, akavuta kofia, akarusha, na mpira ukapigwa mbali. Renita akaangua kicheko. "Picha inachelewa njiani! Redio imetangulia!" Akamgusa baba yake begani, akamweleza kwa midomo na mikono.

Delbert akafikiri. Kisha akasimama, akakamata kiti chake na kukiburuta, zulia likikunjamana, mpaka kikakaa ubavu: jicho moja kwa kioo, jicho moja kwa mlango wa jikoni.

"Usiondoke hapo," alimwambia mkewe.

"Nina sahani za kuosha."

"Zioshe ukiwa umeelekea huku."

Ikafika zamu ya mwisho. Wekundu nyuma kwa mbio moja, yaani pointi moja, wakimbiaji wawili vituoni: mpigo mmoja mzuri ungewapa ushindi. Redio ikanena. Arvella akachukua sahani akaifuta taratibu, uso ameukaza kama jaji.

"Vipi?" Delbert akauliza.

"Tazama kisanduku chako."

"Bibie, usinitese! Vipi?"

"Sisemi."

Akaifuta sahani ile ile, kavu tayari, upande wa mbele, upande wa nyuma. Kwenye kioo mpigaji ndiyo kwanza alikuwa anakung'uta vumbi viatuni. Pembe ya mdomo wa Arvella ikacheza, kidogo tu, na Delbert Stamper akaruka kutoka kitini, mikono juu, akishangilia kwa sauti asiyoisikia mwenyewe.

"Baba," Renita akasema, "hata hawajarusha!"