Wembe wa Mama na Seli Zilizonawiri

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kuoteshea seli, kwenye maabara ya utafiti, Mkuu wa Kitengo aliniamuru nivue pete na saa, ninawe hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nimetoka Mpanda kwa uhamisho, mtaalamu wa maabara niliyezoea kusaka malaria kwenye matone ya damu, na nilijiona naijua kazi. Alinisimamia penye sinki, akaziona chale kwenye vifundo vya mikono yangu.

"Hizi alikuchanja nani?"

"Mama yangu. Ndiye anayechanja watu kule kwetu Kakese."

"Kwa wembe wako peke yako?"

Nilicheka. Wembe wa mama ulikuwa mmoja, ukikaa kwenye kopo la dawa, na watoto tulichanjwa kwa foleni. Mkuu hakucheka. "Kausha mikono, tuanze kazi," alisema.

Kazi yenyewe ilikuwa kulea. Seli za ini la binadamu, ambazo asili yake ni uvimbe wa saratani wa mtu mmoja, zilioteshwa kwenye chupa bapa ndani ya kabati lenye joto la mwili. Tulizibadilishia maji ya virutubisho hata sikukuu. Ukizembea kidogo, kuvu wanaingia na kazi ya wiki nzima unaimwaga.

Kisha tukaziambukiza kirusi cha homa ya ini C, kile kinachoenea kwa damu. Nyie vijana mjue kwamba kirusi hakizaliani chenyewe. Kinajishikiza kwenye seli, kinamezwa, kinavua koti lake na kuachia uzi wa maagizo. Seli, bila kujua, inausoma uzi ule kama wake na kutengeneza protini za kirusi. Protini hizo zinaukunja utando wa ndani ya seli kuwa vijumba vidogo, na humo uzi unanakiliwa tena na tena. Nakala zinavishwa makoti, zinajipaka mafuta ya seli yenyewe, zinatoka kwenda kwa jirani.

Kilichonitesa ni kwamba sikuona kitu. Kila asubuhi nilizitazama seli kwenye hadubini, nazo zimenawiri. Nikamwambia Mkuu jaribio limeshindwa.

"Weka rangi kwanza, dada, ndipo uongee," alinijibu.

Tuliweka rangi inayoshika protini za kirusi tu, tukazima taa, nikatazama tena kwenye hadubini. Karibu seli zote ziling'aa kijani. Nilijikuta nimeshika chale zangu. Niliogopa, wala sioni aibu kusema.

Likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja Kakese, nimeazimia kuuondoa ule wembe. Mama alinisikiliza huku anachambua mchele.

"Nyie watu wa hospitali mna maneno! Hao niliowachanja si wako wazima? Wanalima, wanazaa. Na wewe je, unaumwa?"

"Sijui, mama. Sijapima."

"Basi kapime kwanza, ndiyo uje unifundishe."

Hapo alinipata. Nilikuwa nimetoboa vidole vya watu miaka na miaka, changu nimekificha. Nikapima, nikakutwa na virusi. Siwezi kuapa kuwa ni ule wembe, maana utotoni nilichomwa sindano nyingi pia. Nikameza vidonge miezi mitatu, virusi vikaisha.

Nilirudi kwa mama na karatasi mbili, ya kuugua na ya kupona. Hakujua kusoma, nikamsomea. Akalitoa lile kopo, akautumbukiza wembe chooni. Nilidhani yameisha. Akajifunga kanga kiunoni.

"Lete daftari. Nitakutajia niliowachanja, wote."

Aliwakumbuka kwa mikono: huyu kidole kimepinda, yule ana kovu la moto. Nilijaza kurasa.

Baadaye nilirudishwa Mpanda, na nilianza kuwaita mmoja mmoja. Mganga Mfawidhi wa hospitali alilalamika, "Mama, unanijazia benchi watu wasioumwa!"

"Ndio hao ninaowatafuta, Mganga," nilimjibu. Wengi walikutwa hawana kitu. Waliokutwa na virusi walianza dawa.

Sasa nimestaafu, nakaa Makanyagio, hapahapa Mpanda, na mama tulishamzika. Daftari ninalo. Majina mengi nimeyapiga mstari, machache yamebaki, mengine ni ya watu waliohama na ng'ombe wao. Jana nimempata mmoja kule Misunkumilo, mzee mwenye kidole kilichopinda. Ameniambia hawezi kupima kwa kuwa haumwi popote. Kesho asubuhi bodaboda atanipeleka kwake. Nitakunja mkono wa gauni, nimwonyeshe chale zangu, kisha nimsubiri avae viatu twende kupima.