Maua ya Mawe na Ukuta wa Papa Bahati

Kwenye avenyu yetu hapa Goma, upande wa barabara ya Sake, kuna watu wazima wenye akili zao ambao hawaniiti tena Prof wala Papa Esther. Wananiita Muhesabu-Majani, na siwezi kukasirika, maana jina hilo nililipata kihalali, mbele ya mashahidi, saa nne asubuhi, nikiwa nimevaa koti na tai. Nimekuwa nikiwaficha wageni habari hii, lakini kwa kuwa mtaisikia tu kwa mtu mwingine, na huyo mtu ataongeza chumvi, afadhali muisikie kwangu mwenyewe, aibu na yote.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na nina tabia moja ambayo mke wangu anaiita ugonjwa: nashuku. Muuza maziwa akinisalimia kwa uchangamfu najiuliza leo ametia maji kiasi gani, na mwanafunzi akipata alama nzuri namtazama viganja kabla ya kumpongeza. Sisemi ni tabia njema, nasema tu kwamba miaka yote hiyo ilikuwa haijaniletea hasara.

Sasa, mnajua ardhi yetu. Ukichimba hapa hukuti udongo, unakuta jiwe jeusi la volkano, na chini ya jiwe, jiwe lingine, na mtu akitaka mboga zake za lengalenga nyumbani inabidi aletewe udongo na lori kutoka Masisi. Mimi nilikataa mambo ya lori, nikasema nitapanda kitu kinachopenda mawe. Nikarundika mawe mbele ya nyumba, nikaleta kipande cha mmea kutoka kwenye mwamba kando ya barabara ya Rumangabo (nje ya mbuga, msinitazame hivyo), mmea unaotambaa, hauzidi urefu wa kidole, wenye vijani vinene kama punje za mahindi mabichi na maua ya njano yenye ncha tano. Kwa Kilatini ni Sedum, wa jamaa ya Crassulaceae, na niliyaandika hayo kwenye kibao nikakichomeka katikati ya mawe ili mpita njia asikosee. Jamaa hiyo ina ujanja wake: mchana jua likiwaka inafunga vitundu vyake vya kupumulia ili maji yasitoroke, inavifungua usiku tu, mimea mingine ikiwa imelala. Yaani ni mmea usiomwamini mtu. Nadhani ndiyo maana tulipendana.

Nilijisifu kwa kila aliyesimama getini kwamba Goma nzima hakuna mwingine mwenye mmea huo. Shikeni hilo neno, ndilo lililonipeleka pabaya.

Wiki yenyewe ilikuwa wiki ya Esther, binti yangu wa kwanza. Jumamosi familia ya mchumba wake ilikuwa inakuja kumwomba, na kwetu, siku hiyo baba wa msichana hasemi kitu: anakaa, anakunja mikono, na mtu mwingine anamsemea, mtu anayejua kutega maswali, kukataa kidogo, kukubali polepole na kuwachekesha wageni wasione muda. Mtu huyo asipokuwepo hakuna shughuli. Msemaji wetu alikuwa Papa Bahati, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwashi, mtu wa Masisi mwenye sauti nzito ambayo hata padri anaionea wivu, na Esther mwenyewe ndiye aliyeenda kumwomba kwa magoti, kwa sababu amemjua tangu hajaota meno. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa kimya, na ningeianza Jumatatu ile mambo yangekuwa mazuri.

Jumapili mke wangu, Mama Esther, alirudi kutoka soko la Birere na kuku wanne wa sherehe, akawafunga kamba nyuma ya jiko. Jumatatu asubuhi nilitoka kutazama maua yangu, nikakuta pengo. Pengo la upana wa kiganja, jiwe tupu, mahali ambapo jana yake palikuwa na maua. Mtu mwingine angeuliza watu wa nyumbani kama kuna aliyegusa. Mimi niliamua jambo dogo tu, dogo kabisa: nilichukua verni ya mke wangu, ile nyekundu ya kucha, nikapiga magoti na kuanza kutia nukta chini ya majani, moja moja, nikihesabu, ili siku nikiyakuta kwa mtu asiwe na pa kukimbilia.

Jumanne pengo lilikuwa limekuwa viganja viwili. Sikumwambia mtu. Nilikaa dirishani na kikombe cha chai nikiwaandika kwenye daftari waliopita: muuza maziwa (alitazama mawe mara mbili), mama wa kikundi cha sala cha mke wangu (alikuja na mfuko mtupu, akaondoka na mfuko umejaa, ingawa mke wangu alisema ni viazi), na fundi wa maji ambaye hatukuwa tumemwita. Hata mke wangu nilimwandika, kisha nikamfuta, kwa sababu daftari analiona.

Jumatano nilikuwa natoka shuleni, nikapita kando ya ukuta wa Papa Bahati, ule alioujenga mwaka jana kwa mawe meusi na ambao sikuwa nimewahi kuutazama vizuri, na macho yangu yakasimama. Kwenye matundu ya mawe, mstari mzima, vilikuwa vimekaa vijani vinene na maua ya njano yenye ncha tano. Huyu ndiye mtu wa kumsemea binti yangu, mtu anayekula kwangu Krismasi. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikachuma jani moja na kuligeuza chini juu: halina nukta. Basi hapo ndipo mwenye akili angesema si langu. Mimi nilisema, ameisafisha verni, tena ana mwiko na brashi za kazi, kwake ni kitu chepesi. Sikugonga geti lake kumuuliza. Nilienda moja kwa moja kwa Mama Shefu, shefu wa avenyu yetu, nikamwachia barua ya ukurasa mmoja na nusu.

Alhamisi saa nne Mama Shefu alifika na daftari lake na mashahidi wawili, na mnajua mtaa wetu, shefu hatembei peke yake zaidi ya nyumba tatu. Tulipofika kwa Papa Bahati tulikuwa na kundi la watu thelathini nyuma yetu, pamoja na mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, kichwani. Mimi nilikuwa nimevaa koti langu la kusimamia mitihani.

"Papa Bahati," Mama Shefu akasema, "Prof anasema uko na maua yake."

Papa Bahati alitoka na mwiko mkononi, sementi mpaka kwenye viwiko. "Maua gani?"

"Ile ya ku mur."

Akageuka akautazama ukuta wake taratibu. "Ile? Miye nilizani ni majani tu. Mama Bahati anaipenda, njo maana siing'oe."

Nikaomba nafasi ya kueleza, na hakuna aliyeninyima, ndiyo ilikuwa bahati mbaya yangu. Nikaeleza kuhusu Sedum. Nikaeleza petali tano na stameni kumi, nikamwonyesha shahidi mmoja azihesabu, akazihesabu. Nikaeleza vitundu vinavyofungwa mchana, nikaeleza kwamba mmea huu hauko kwa mtu mwingine yeyote mjini, kwa hiyo, kimantiki, ulioko hapa umetoka kwangu. Nilijisikia vizuri sana, sitawadanganya.

Mama Shefu akapekua barua yangu. "Uliandika ulihesabu majani, ukaweka alama ya verni. Iko wapi?"

"Ameisafisha," nikasema. "Mtu asiyeacha alama ndiye wa kuogopwa."

Watu wakanung'unika. Papa Bahati alinitazama tu, na hayo macho bado ninayo. Ndipo yule mama wa sambaza akashusha beseni lake chini, na nikamtambua: Furaha, nilimfundisha zamani, alikuwa anakaa mstari wa nyuma.

"Prof, naomba niulize kitu moja. Si weye njo ulitufundishaka kama ile jamaa haihitaji mbegu? Ulisema jani moja tu ikianguka juu ya jiwe inatoa mizizi, inakuwa mumea. Ulituwekea interro juu yake. Miye niliandika hapana, ukanipa zero."

Nikaanza kurekebisha tai.

"Na ile majiwe," akasema Papa Bahati, polepole, "ilitoka wapi, Papa Esther? Mwaka jana ulivunja mur yako ya mbele. Ukaniita, ukasema, jirani, kuja ubebe, majiwe haitupwake. Nilibeba siku tatu. Nikakuuliza kama niisafishe kwanza, ukasema, acha vile vile."

Ni kweli. Nilisema hivyo, nakumbuka mpaka shati nililokuwa nimevaa. Ukuta ule wa zamani ulikuwa unapakana na bustani yangu, na vijani vilivyokuwa vikidondoka viliingia kwenye matundu yake, vikasafiri na mawe, vikapata kwao pengine. Sisi watu wa Goma tunapeana mawe kila siku, anayevunja anampa anayejenga, na hakuna anayekumbuka jiwe lipi lilikuwa la nani. Nilikuwa nimemshtaki jirani kwa wizi wa zawadi yangu mwenyewe.

Nilikuwa nafikiria, aibu ilioje, kuuliza habari za majani yaliyopotea wiki ile, ndipo geti letu likafunguka na Mama Esther akatokea amemshika kuku miguu juu, yule mweupe, kamba yake imekatika. Mdomo wa kuku ulikuwa mwekundu, kama amejipodoa kwenda misa.

"Papa Esther," mke wangu akasema bila kupaza sauti, "huyu kuku iko nakula maua yako. Na verni yangu."

Watu walicheka mpaka shahidi mmoja akashika ukuta, na mtu mmoja nyuma akaita, "Muhesabu-Majani!" Mama Shefu aliandika kitu kwenye daftari, kirefu, sijui nini. Papa Bahati peke yake hakucheka.

"Jumamosi utafute mutu mwengine wa kukusemea," akaniambia. "Mwizi hawezi kusemea mutoto ya Prof."

Akaingia, akafunga geti. Nilipogeuka nilimwona Esther dirishani kwetu. Alishusha pazia, na hapo ndipo koti lilianza kunibana.

Ijumaa asubuhi nilikuta beseni mbele ya geti langu. Ndani yake kulikuwa na maua yote ya ukuta wa Papa Bahati, yameng'olewa na mizizi yake, yamepangwa vizuri na kufunikwa kitambaa kibichi yasikauke. Hakuna tusi ambalo lingeniuma kama kile kitambaa. Nikaenda kugonga. Mama Bahati akafungua, akaniambia mume wake ametoka, na buti zake za kazi zilikuwa pale pale mlangoni. Basi nikaongea na buti. Nikaziambia nimekosa, tena nimekosa kwa makusudi, maana nilikuwa na siku nzima ya kuuliza na sikuuliza. Nikaziambia sitaki anisemee mimi, sistahili, lakini Esther hana kosa. Buti hazikujibu, nikarudi nyumbani.

Jumamosi wageni walifika kwa wakati, magari matatu, wakasimama nje ya geti wakisubiri kukaribishwa na msemaji wetu. Kiti chake kilikuwa kitupu. Kaka yangu aliyetoka Butembo, mtu wa kuuza maharage ambaye hajawahi kusema maneno kumi mfululizo, alikuwa ananyanyuka huku anatoa jasho, na mimi nilikuwa naomba ardhi inimeze, ingawa kwa mawe haya ingechukua muda. Ndipo geti la jirani likalia. Papa Bahati akatoka amevaa suti, akanipita bila salamu, akasimama mbele ya wageni.

"Mbele ya yote, wakwe," akasema kwa ile sauti yake, "mujue kama hapa kwetu majani inahesabiwaka. Kijana wenu ataweza kuishi na baba mukwe wa vile?"

Wageni wakauliza maana yake nini, na yeye akawaeleza. Yote. Barua, stameni kumi, verni, zero ya Furaha, mpaka kuku mweupe, ambaye wakati huo alikuwa kwenye sufuria. Nilikaa nimekunja mikono kama desturi inavyotaka, uso unawaka, na baba wa kijana alicheka mpaka akavua miwani. Na Esther, aliyekuwa mlangoni akisubiri kuitwa, alicheka naye, mkono mdomoni, akanitazama. Kwa kicheko kile ningelivaa tena lile koti. Sherehe ilienda vizuri kuliko zote nilizowahi kuona, na ilipoisha Papa Bahati alikula, akamuaga mke wangu, akamuaga Esther, akaenda zake.

Kibao cha Kilatini nilikitoa siku ile ile, na nimeapa kwamba kabla ya kumshuku mtu nitagonga geti lake, nimuulize usoni, hata ikiwa ni muuza maziwa. Lakini wiki zilipita na jirani yangu hakunisalimia, na ukuta wake ulibaki mweusi mtupu, nikawa siwezi kuutazama. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, nilianza kuangalia kushoto, kuangalia kulia, kisha nadondosha jani moja kwenye tundu la ukuta wake, kesho tundu lingine, natembea haraka. Mimi, mtu mzima, mwalimu.

Juzi nilikuwa nimeinama pale pale na jani mkononi, nikasikia sauti nzito kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Mama Bahati, kuna mutu anapandaka maua ku mur yetu kila asubuhi. Niite Mama Shefu?"

Nikainama zaidi, kisha nikamsikia anacheka, cheko la kwanza tangu siku ile.

"Muache amalize," akasema. "Bado upande wa huku."