Ndege Mbili, Ndege Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika uwanja mdogo wa ndege nje ya Garsen, msimamizi alinipa fimbo na filimbi. Nikauliza redio iko wapi.

"Redio anayo Hiribae. Wewe kazi yako ni kuzuia ng'ombe wa kina Hiribae wasiifanye njia ya kurukia malisho."

Hiribae, Mworma aliyenitangulia kazini, akajibu bila kugeuka, "Na wewe Mpokomo usipande mpunga humu."

Vijana mnaoanza, njia ya kurukia ni ule ukanda ambao eropleni hukimbia kabla ya kupaa na baada ya kutua. Wetu ulikuwa wa udongo ulioshindiliwa. Kando yake hutundikwa mfuko wa upepo, kitambaa kilichoshonwa kama mkono wa kanzu. Ukijaa, rubani anajua upepo unatoka wapi, maana eropleni hutua na kupaa ikiukabili upepo. Ndege wenye manyoya nao hufanya hivyo hivyo. Hilo mlishike.

Baadaye nilihamishiwa Hola, ambako mkuu wa mawasiliano alinifundisha redio. "Sema kidogo, sema wazi," alikuwa akituambia. Niliporudishwa Garsen, mafuriko yalikuwa yamekata barabara. Alasiri moja Hawa, mjamzito wa kijiji cha Wema, aliletwa kwa mtumbwi. Mtoto alikuwa amelala mkingamo tumboni. Muuguzi aliyefuatana naye aliniambia kwa sauti ya chini kwamba asipofika hospitali kubwa jioni ile, tungewapoteza wote wawili. Eropleni ya wagonjwa ilikuwa imekwisha kuondoka Malindi. Uwanja wetu haukuwa na taa. Jua likizama, hakuna kutua.

Mvua ilikuwa imekatika punde tu, na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini kwa wingi. Korongo wawili wakubwa wakashuka katikati ya njia kuwala. Mngurumo wa injini tulikuwa tunausikia tayari.

Hiribae akashika redio. "Rubani, ngoja. Ndege mbili kubwa iko kwa njia."

"Ndege mbili? Za nani? Sikuambiwa."

"Si za mtu. Ziko zinakula."

"Zinakula nini, mafuta? Zitaondoka saa ngapi?"

"Zikishiba."

Redio ikakwaruza. "Mimi siwezi kutua juu ya wenzangu. Narudi Malindi."

Muuguzi akaziba mdomo kwa mkono. Mngurumo ukaanza kufifia.

Kwa Kiswahili cha shuleni, wenye manyoya ni wawili na za chuma ni mbili. Lakini kwetu, ambako Kiswahili ni lugha ya kukutania sokoni, hata ng'ombe ni mbili. Kwa mtu wa Garsen, Hiribae hakukosea. Ila lafudhi ya rubani ilikuwa ya Lamu, na mama yangu ni wa Kipini, pwani hiyo hiyo, ambako ndege mwenye manyoya huitwa nyuni. Nikaomba redio.

"Kepteni, ni nyuni. Nyuni wawili, korongo."

Akacheka kidogo. "Nyuni! Si mngesema. Nageuka. Waondoeni, jua linakwisha."

Nilitaka kupuliza filimbi, nikajizuia. Korongo aliyeshtuliwa hukimbia kuukabili upepo ndipo apae, na angepaa kwenye njia ile ile ya rubani. Ilibidi waondoke kwa miguu.

"Niachie," Hiribae akasema. Akawazunguka ubavuni, polepole, akipiga mluzi laini kama anaswaga ndama. Wakatembea kwa maringo, wakisimama kuokota kumbikumbi, huku eropleni ikishuka. Walipoingia vichakani, magurudumu yaligusa udongo. Hawa akapandishwa kukiwa bado na mwanga wa kuonana nyuso.

Asubuhi muuguzi alipiga simu: mama mzima, mtoto mzima. Msimamizi akatuita. "Kuanzia leo, chenye injini ni eropleni. Vingine vyote, vitajeni kwa majina yake."

"Na ndama?" Hiribae akauliza.

"Ndama ni wako."

Sasa nimestaafu. Wajukuu wangu wakiita "Ndege!" huko uani, bado nauliza kabla sijainua macho: ngapi, au wangapi?